Do ya Mwanzia

Kabati lilikuwa likiimba.

Aliyepita kwenye korido ya nyumba ile ya mtaa wa Woodley, Nairobi, alilisikia kabla hajaona lolote: sauti nzito, ya kifuani, ikitoka nyuma ya milango miwili ya mbao na kupanda ngazi moja moja. Do-o-o. Kimya. Re-e-e. Kisha kikohozi, na sauti ile ile ikasema, "Hiyo re itupe. Imeingia kohozi."

"Nimeshaitupa, Baba," alijibu Mukai. Alikuwa ameketi kitandani na kompyuta mapajani, waya mweusi wa kinasa sauti ukipita chini ya mlango wa kabati.

Ndani ya kabati, katikati ya makoti ya mvua na suti mbili za kanisani, Mzee Mwanzia alikuwa amekalia kigoda huku akitokwa jasho. Makoti yalimeza mwangwi vizuri kuliko studio yoyote, na makoti hayakodishwi kwa saa. Kwa majuma matatu mzee huyo wa miaka sitini na tisa, karani mstaafu na kiongozi wa besi kwa miaka thelathini na moja, alikuwa akiingia mle kila jioni kama mtu anayeripoti kazini.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," Mukai alisema. "Toka upumue."

Milango ikafunguka. Mzee alitoka amefunga tai. Alikuwa amekataa kabisa kurekodi bila tai. "Mtu atakayenisikia kule Mwingi," alisema akijipangusa uso, "atajua kama nilikuwa nimevaa au sikuvaa."

Mukai alicheka, lakini moyo wake ulijaa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Mchana alikuwa akichapisha vyeti na kuwajazia watu fomu katika duka moja la kompyuta pale Dagoretti Corner, ambako wateja walimwita "wewe msichana wa printa." Lakini msichana wa printa ndiye aliyetengeneza Sauti Nne. Ilikuwa programu ya simu. Mwalimu wa kwaya anaandika wimbo kwa sol-fa, zile do re mi, kama anavyouandika ubaoni, na kila mwimbaji anabonyeza sauti yake, iwe soprano, alto, tenor au besi, anaisikia na kuikariri akiwa jikoni au kwenye foleni ya maji. Ilikuwa programu huria. Hailipiwi, haina siri, na yeyote anayejua anaweza kuifungua, kuona ilivyoundwa, kuitengeneza na kuigawa. Kwaya zaidi ya mia nne zilikuwa zimemwandikia kusema zinaitumia.

Dosari yake ilikuwa moja. Ililia pii-pii, kama birika. Ndiyo maana wanakwaya wa kanisa lao walikuwa wamekuja nyumbani mmoja mmoja kurekodi soprano, alto na tenor, na mzee akachukua besi. Sasa sauti zote zilikuwa tayari. Programu yenyewe ilikuwa na uzito wa MB kumi na tisa. Sauti za watu zilikuwa MB mia saba.

Hapo ndipo palipokuwa na swali, na Mukai peke yake ndiye aliyekuwa na funguo za kulijibu. Je, sauti zitiwe ndani ya programu, ili kila anayeichukua azibebe apende asipende? Au zikae kando, anayezitaka azifuate mwenyewe?

"Swali gani hilo?" Mzee Mwanzia alisema akilegeza tai. "Mtu anapika nyama halafu anaiweka kwa jirani?"

"Kuna wanaokataa, Baba. Odero ameandika tena."

Odero alikuwa mwalimu wa kwaya kule Ahero. Hawakuwahi kuonana, lakini kwa miaka miwili alikuwa akimrekebishia Mukai makosa ndani ya programu bila kudai hata asante. Mukai alimsomea baba yake maneno ya Odero kama yalivyokuwa: "Dada, huku mtu mmoja anapakua sokoni, palipo na mtandao, halafu simu inarushia simu baada ya ibada, bila bando. Ile uliyotoa mwaka jana ilifika makanisa kumi na moja kwa Jumapili moja. Ukiinenepesha, itabaki kwa wenye simu za bei. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Mzee alifikiri kidogo. "Huyo Odero anaimba sauti gani?"

"Tenor."

"Nilijua. Tenor hapendi kuzidiwa."

*

Ijumaa walishuka mjini, baba kwa suti ya kijivu, binti kwa sketi aliyoipiga pasi mara mbili. Alkarim, mwenye duka la ala za muziki karibu na Biashara Street, alikuwa amewaita. Babu yake Alkarim aliyauzia makanisa vinanda vya kukanyaga kwa miguu. Yeye sasa alitaka kuyauzia vibao vya kielektroniki vya kubonyeza kwa kidole, vyenye Sauti Nne ndani.

Walingojeshwa karibu na magitaa kwa dakika arobaini. Kijana mmoja wa dukani alimwambia mzee asiegemee ngoma. Mzee hakuwa ameegemea ngoma. Alikuwa amesimama wima kama anayesubiri wimbo wa taifa.

"Pole, pole sana," Alkarim alisema alipotoka ofisini, miwani kichwani. "Mzee, shikamoo. Mukai, hebu weka ile ya zamani kwanza, kwa spika."

Mukai akaweka. Pii, pii, pii. Wateja wawili wakageuka, na yule kijana wa ngoma akacheka waziwazi. "Microwave imeiva," alisema.

"Sasa ile mpya."

Mukai akabonyeza. Sauti nne za watu zikajaa duka, na chini ya zote, kama msingi chini ya nyumba, ikasimama besi ya Mwanzia. Vioo vya kabati la filimbi vikatetemeka kidogo. Mwanamke aliyekuwa akipita nje na mkungu wa ndizi akasimama mlangoni. Kijana wa ngoma akafunga mdomo.

"Nani huyo?" aliuliza mteja mmoja.

"Ni mimi," alisema Mzee Mwanzia. Hakuinua sauti. Hakukuwa na haja.

Alkarim alimwangalia mzee, kisha spika, kisha mzee tena. Ofisini alisema bila kuzunguka. "Mteja wangu hasomi maelezo, Mukai. Anabonyeza, anasikia, ananunua. Ukimwambia kwanza nenda upakue sauti mahali fulani, nimempoteza. Mimi nataka programu moja, imekamilika, kila mahali ni ile ile. Fanya hivyo, nakupa kazi ya mwaka mzima ya kuitunza. Elfu tisini kwa mwezi. Uache kuchapishia watu vyeti."

"Na kama zikikaa kando?"

"Basi sina bidhaa. Na kama sina bidhaa, sina mfanyakazi." Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma bei kwenye karatasi. "Niambie Jumatatu."

Barabarani mzee alitembea katikati ya watu kana kwamba njia imetandikwa kwa ajili yake. "Umeona mwenye ndizi?" alisema. "Mukai, umemwona? Alisahau alikokuwa akienda." Walipokaribia bustani ya Jeevanjee alisimama ghafla. "Mwaka wa jana walinitoa mstari wa mbele kwa sababu pumzi inakatika. Hawakuniambia. Nilikuta tu kiti changu kimesogezwa. Sasa nitakaa mstari wa mbele wa Kenya nzima, na hakuna wa kusogeza kiti."

Mukai alimshika mkono wakavuka.

*

Ambalo Mukai hakulijua ni kwamba baba yake alikuwa ameshatangaza.

Nakala ya majaribio, yenye kila kitu ndani, ilikuwa kwenye simu ya mzee. Mukai mwenyewe ndiye aliyeiweka huko ili ajisikilize. Naye Mzee Mwanzia, kwa desturi ya kwaya yao, alikuwa amewaambia wote waje Jumamosi na simu zenye chaji, awarushie. Mukai alipofika kwenye ukumbi wa kanisa saa tisa alasiri, aliwakuta wanakwaya thelathini na wanne wamepanga foleni. Baba yake alikuwa mezani mbele, tai shingoni, akipokea simu moja moja kama anayegawa sakramenti.

"Baba, hiyo bado—"

"Kaa chini, mwanangu. Leo ni siku yako."

Simu ya kwanza ilichukua dakika ishirini na mbili. Ya pili, ya Mbuthia wa tenor, ilifika nusu ikakata. Ya tatu ilikataa kabisa, na ya nne vilevile. *Nafasi haitoshi.* Watu walianza kukaa chini, kisha wakaanza kuangalia saa. Mazoezi ya Pasaka yalikuwa hayajaanza, na mwalimu mpya wa kwaya alikuwa akipitapita mlangoni na faili lake.

"Mzee," alisema Jacklyne wa soprano, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko noti zake, "hii sauti yako inataka bedsitter yake, chumba kizima peke yake. Simu yangu ni ya kushea."

Ukumbi ukacheka. Mzee naye akacheka, lakini Mukai aliyaona masikio yake yamesimama, kama ya mtu anayesikia anasengenywa chumba cha pili.

"Futeni vitu msivyohitaji," mzee alisema. "Mtu ana picha za ugali humo, za nini?"

Basi wakaanza kufuta. Mbuthia alifuta mechi za mpira. Mwingine akafuta programu ya benki kwa bahati mbaya, akatoka nje akilalamika. Ikafika zamu ya Mama Ndeti wa alto, mfuaji nguo pale Adams Arcade, mwenye simu iliyopasuka kioo na kufungwa kwa utepe. Alimpa Jacklyne amsaidie.

Jacklyne alitafuta, akapata. "Mama, hapa kuna salamu nyingi sana za sauti na video. Zaidi ya mia. Hizi ndizo zimekula nafasi. Ni za nani?"

"Za Ndeti," mama alisema. Ndeti alikuwa mwanawe, askari wa mlango huko Doha. Kila Jumapili kwa miaka miwili alimtumia mama yake salamu, na mama aliziweka zote. Kila mtu aliyefuliwa nguo na mama yule alijua, kwa maana alikuwa akizisikiliza beseni likiwa mbele yake, hakuwa na redio.

"Hizo tuziache," Jacklyne alisema, sauti imepungua.

Mama Ndeti aliangalia foleni nyuma yake. Aliangalia mezani, alikoketi mzee kanyoosha mkono. "Futa tu, mwanangu. Nisiwe mimi wa kuwachelewesha watu. Mzee anangoja."

Jacklyne akafuta. Simu ikapelekwa mezani. Mzee Mwanzia aliishika, akaiweka karibu na yake, wakangoja. Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo kilichopasuka, na mzee, aliyekuwa amesikia kila neno, akayasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

*Nafasi haitoshi.*

"Imekubali?" aliuliza Mama Ndeti.

Mzee alimrudishia simu kwa mikono miwili. Alizima ya kwake, akasimama, akatoka nje akiwa ameacha kofia yake mezani.

*

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, walikula isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Kavindu, mke wa Mwanzia na mama yake Mukai, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Aliwaangalia wawili wale kama vitambaa viwili visivyokubali kushonwa pamoja.

"Nitaiacha nyembamba," Mukai alisema hatimaye. "MB kumi na tisa. Sauti zitakaa kando."

"Na kazi ya yule Mhindi wa dukani?" mzee aliuliza.

"Itakwenda."

"Elfu tisini kwa mwezi itakwenda," mzee alisema, "kwa sababu ya simu ya Mama Ndeti?"

"Kwa sababu ya simu zote za Mama Ndeti, Baba. Wewe umemwona mmoja. Odero anawaona kila Jumapili. Mimi niliitengeneza hii kitu kwa watu ambao hakuna anayewatengenezea. Nikianza kuwafutisha watoto wao ndio waisikie vizuri, nimetengeneza nini?"

Mzee alisukuma sahani. "Sikatai. Unadhani nakataa? Nilimrudishia simu mimi, si wewe." Alilegeza tai. Aliposema tena, fahari yake yote ilikuwa bado imesimama, lakini imesimama kwenye mvua. "Nauliza tu. Zikikaa kando, ni nani atakayekwenda kando kunitafuta? Mtu wa Mwingi atajuaje kwamba kuna mzee aliingia kabatini majuma matatu?"

Kavindu ndiye aliyejibu, akikusanya sahani, kama anayezungumzia vifungo.

"Mimi nilikusikia mara ya kwanza Machakos, kwenye mashindano. Mlikuwa hamna kinanda. Ulitoka mbele, ukatoa do moja, ukarudi mstarini. Moja tu. Kwaya nzima ikapata pa kusimama. Sikusikia besi yako tena siku hiyo, ilikuwa imechanganyika na za wenzako. Lakini hiyo do ndiyo iliyoniweka jikoni hapa miaka arobaini." Akaondoka na sahani.

Mukai alimtazama baba yake. Baba alimtazama Mukai.

"Do moja ina MB ngapi?" mzee aliuliza.

Mukai alikuwa ameshavuta kompyuta. Vidole vyake vilitembea. "Haifiki nusu."

"Na hakuna wimbo usioanza kwa kupewa do."

"Kwaya isiyo na kinanda haiwezi kuanza bila kupewa. Mtu anafungua wimbo, kabla ya chochote anasikia wewe ukimpa do. Halafu zile pii-pii zimfundishe. Anayetaka kukusikia mpaka mwisho, tunamwonyesha mlango, anazifuata siku akipata nafasi." Alikuwa akizungumza haraka sasa. "Odero anaweza kuandika sehemu ya kuipandisha na kuishusha kulingana na wimbo."

"Asiipandishe sana nikasikika kama panya."

"Nitamwambia."

"Mwambie imetoka kwa besi." Mzee Mwanzia aliinuka, akakaza tai yake. "Kumpa mtu do na kunyamaza," alisema, zaidi kwa nafsi yake, "hiyo ndiyo kazi ya kiongozi. Waliobaki ni wa kuimba tu." Akaelekea chumbani. "Sasa fungua kabati. Ile uliyo nayo niliitoa nikiwa nimekaa. Do haitolewi umekaa."

Kabati halikutosha mtu kusimama. Alisimama nusu nje, koti la mvua kichwani, na aliitoa mara tisa.

*

Jumatatu Mukai alimpigia Alkarim akiwa nyuma ya duka la Dagoretti Corner, kati ya maboksi ya karatasi. Alieleza yote.

"Umefikiri vizuri?" Alkarim aliuliza.

"Nimefikiri."

"Hizo sauti za kando bado ni huria? Mtu yeyote anachukua?"

"Yeyote."

"Basi nitazichukua," Alkarim alisema. "Fundi wangu Wahome atazipanga ndani ya vibao mwenyewe. Itamchukua juma moja, mawili. Nitauza. Na wewe sitakulipa, unaelewa? Si kwa ubaya."

Mukai alihisi uso ukiwaka. Pale pale mtu alimwita mbele, "Wewe msichana wa printa, karatasi imekwama." Alivuta pumzi ya chini, kama baba yake alivyomfundisha.

"Naelewa, Bwana Alkarim. Ni haki yako, niliandika mimi mwenyewe kwenye leseni kwamba ni haki yako. Nakuomba tu jina la mzee lisiondolewe. Nalo limeandikwa humo."

"Halitaondoka." Akasita. "Mukai. Babu yangu angekuajiri wewe. Mimi nina mkopo." Simu ikakatika.

Alikwenda akatoa karatasi iliyokwama. Kichwa chake kilikuwa juu, na mwenye karatasi hakujua kwa nini msichana wa printa alikuwa akitabasamu na macho yamelowa.

*

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na meza wala foleni. Mzee Mwanzia aliingia ukumbini, akamrushia Mbuthia, Mbuthia akamrushia Jacklyne, na kabla mwalimu mpya hajamaliza kupanga viti, simu thelathini na nne zilikuwa nayo.

"Ni hii tu?" Jacklyne aliuliza. "Mzee, umehama bedsitter?"

"Fungua wimbo, mdomo wewe."

Wakafungua, mmoja baada ya mwingine, na do ikaanza kutoka mifukoni, mikobani, viganjani, ikipishana na kufuatana, nzito, imesimama, sauti ya mtu aliyevaa tai. Haikudumu. Ilitolewa na kunyamaza. Lakini bila mtu kuongoza, alto wakawa wameshika mi yao, tenor wakashika so, na mwalimu mpya akasimama na faili lake mkononi, hajui kama ameanza mazoezi au yameanza bila yeye. Baadaye, bila kutazama mtu, alichukua kiti kimoja cha nyuma akakisogeza mbele, upande wa besi.

Mzee alikiona. Hakukikalia bado. Alivuka ukumbi hadi kwa Mama Ndeti, aliyekuwa ameweka simu yake yenye utepe sikioni.

"Ndeti ametuma?"

"Jumapili alituma moja," mama alisema. "Nimeanza upya. Za zamani nilikuwa nimezikariri, Mzee, usijali."

Mzee Mwanzia alivua kofia. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, wala watu hawakumzoea hivyo, kwa hiyo wote waligeuka. Alisema kwa sauti ya kifuani, ile ile ya kabatini, ili Mukai aliyesimama mlangoni asikie, na sauti zote nne zisikie:

"Mama Ndeti, nakuahidi mbele ya kwaya. Sauti yangu haitakalia tena mahali pa mwanao. Ni hiyo do moja, basi. Siku ikizidi hapo, nitoeni besi mnipeleke soprano, nikakae na Jacklyne."